Chetezo Ndani ya Kabati la Waya

Wiki niliyokabidhi funguo, nyinyi vijana wa kitengo mliniomba niwaandikie maneno mawili matatu juu ya kuchagua waya wa mtandao kwa majengo yanayolaza watu. Nadhani mlitaka karatasi moja ya kubandika ukutani. Karatasi hiyo ipo, niliiandika miaka mingi nyuma, na nyinyi mkaifunika kwa kalenda. Basi sasa mtasoma kirefu. Vyeo sitavitaja, nilivyopewa wala nilivyonyimwa, na mshahara wangu hauna hadithi. Nitasema habari za waya, za Mzee Faki, na za jambo moja nililolinyamazia karibu maisha yangu yote ya kazi. Yeye mwenyewe nimemwomba ruhusa. Amenijibu niandike, kwani kazi ya kufukuzwa hana tena.

Sikuanza na waya. Niliajiriwa nikiwa msichana wa Vitongoji aliyemaliza skuli juzi, nikakalishwa mbele ya ubao wa kuunganishia simu pale Chake Chake. Siku ya kwanza nilivaa baibui jipya na viatu vya dada yangu, nikavishwa vifaa vya masikioni vilivyonibana kichwa mpaka nikaona nyota. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwenye duka wa Mtambile, akitaka kuungwa na nduguye aliyeko Wete. Nilimuunga na mganga mmoja wa Mkoani. Wale wazee walikwenda muda mzuri bila kugundua, maana kila mmoja alikuwa na adabu ya kuuliza kwanza hali za watoto, za wagonjwa na za shamba. Walipofika kwenye shida yenyewe ndipo mambo yalipoharibika. Msimamizi alinitazama tu, akasema kesho nije mapema zaidi.

Nyuma ya chumba changu ndiko alikokaa Mzee Faki, fundi wa kuunga kebo za ardhini. Wakati ule hakuwa mzee, ila tulimwita hivyo kwa heshima na kwa mvi zilizomwahi. Alikuwa mrefu, mkimya kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa muadhini wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara. Adhuhuri ikiingia aliziacha jozi zake za waya zikining'inia, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akavuka. Punde sauti yake ikaingia dirishani na kupenya mpaka kwenye simu ninazounganisha. Wateja wa Unguja walikuwa wakikatiza mazungumzo yao kuniuliza, "Dada, nani huyo anayeadhini?" Nami nilijibu kwa fahari utadhani sauti ile ni yangu.

Ufundi nilijifunza kwa sababu ya milango. Simu zilikuwa zikiharibika majumbani, na waume wako baharini au mashambani kwenye karafuu. Fundi wa kiume akibisha hodi, mke anamjibu kutoka ndani kwamba mwenyewe hayupo, na simu inabaki imekufa hadi mwezi mwengine unaandama. Siku moja Mzee Faki alisimama mlangoni kwangu na plaizi mkononi.

"Bi Mize, weye una vidole vyembamba na macho yanojua rangi. Ubao huo hata ntu kipofu ataukalia. Njoo kuno."

Nikaenda. Akanikalisha mbele ya kebo nene yenye jozi mia, kila jozi na rangi zake, akaniambia niziunge zote kisha nizikate na kuziunga upya. Alichukia haraka. Nikivuta waya kwa pupa hunishika kiwiko na kusema, "Rangi kwanza, ndo nkono." Nimelisema neno hilo kwenu mara nyingi, mkadhani ni langu. Plaizi yangu ya mwanzo alinipa yeye, ikiwa imefungwa kitambaa kwenye mpini kwa sababu mpini ulikuwa mkubwa kwa kiganja changu, na kile kitambaa nilikibadilisha mara kwa mara bila kuibadilisha plaizi.

Kisha kompyuta zikaja, na pamoja na kila kompyuta ukaja waya wake. Ofisi yetu ikaamua kutandaza mtandao kwenye jengo zima, nami, niliyekuwa nimehudhuria mafunzo ya wiki mbili na kurudi na cheti chenye muhuri mkubwa, nikatumwa kuchagua waya.

Nilikwenda kwa Bwana Jayanti. Duka lake la vifaa lilikuwa la babu yake, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Alinitolea mabunda mawili. La kwanza lilikuwa gumu, ganda lake limefifia halina mng'aro, limeandikwa herufi nyingi kutoka mwanzo mpaka mwisho. La pili lilikuwa laini, linang'aa, linapinda utakavyo.

"Hino ngumu ilikuja kwa makosa," aliniambia. "Mafundi hawaitaki, inawaumiza mikono."

Nikachagua ile laini. Sikuuliza kwa nini ile nyengine ipo duniani. Sikuwaza moto hata chembe, niliwaza kona za ngazi na jinsi waya utakavyolala vizuri ndani ya trankingi, ule mfereji wa plastiki wa ukutani. Nao ulilala vizuri kweli. Kila mtu alisifu. Uliobaki niliukunja nikapata mabunda matatu manene, nikayatundika ndani ya kabati la waya lililokuwa kwenye ujia, kama akiba. Huo ulikuwa ujinga wa pili, maana waya usio na kazi ndani ya jengo ni kuni ulizozipanga mwenyewe.

Sasa nifike kwenye ninalolionea haya. Jengo letu lilikuwa kuukuu na paa lake lilikuwa la popo kabla halijawa letu. Ukifungua lile kabati ilikupokea harufu ya kinyesi chao. Ijumaa moja walikuwa wanakuja wageni kutoka Unguja kuuona mtandao, na kwetu sisi mgeni hapokelewi na harufu ya popo. Nikachukua kutoka nyumbani chetezo changu cha udongo, kidogo, cha kiasi cha bakuli la uji. Nikatia makaa, nikatia udi mzuri niliouweka kwa ajili ya sikukuu, nikakiweka ndani ya kabati, chini, na mlango nikauachia upenyo ili harufu itoke taratibu ujiani. Mtu wa pahala pengine angeniona mwendawazimu. Kwetu hakuna aliyepita pale asiyesema mashaallah.

Wageni walifika. Nikaitwa kuwaonesha hiki na kile, nami nikanogewa na kueleza. Chetezo nikakisahau. Bunda la chini lilikuwa linaning'inia juu yake.

Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ndoo mbili za mchanga zingeumaliza. Kilichotutoa mbio ni moshi. Ulikuwa mweusi, mzito, ukatambaa ujiani kwa kasi nisiyoidhania, ukachoma macho na koo kwa ukali wa siki iliyotiwa pilipili. Ngazi hatukuziona. Mgeni mmoja alishuka kwa makalio. Tulipokusanyika nje, tukiwa tunatema mate na kulia machozi, Mzee Faki alikuwa akituhesabu. Alipofika kwangu maneno yalinitoka bila kuyapanga.

"Chetezo changu," nilisema. "Kimo kabatini."

Alinitazama. Alijua kwamba nimeachika. Alijua kwamba mwanangu Raya ana miaka minne na kwamba mshahara wangu ndio sahani yake. Alijua pia kwamba mfanyakazi aliyewasha moto ndani ya kabati la waya mbele ya wageni wa Unguja hataiona Jumatatu kazini. Alivuta shati lake akaziba pua, akarudi ndani.

Wengine walidhani amekwenda kukata umeme, na kweli aliukata. Alipotoka, shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni na tumboni pana uvimbe, na mkono wake umeukumbatia uvimbe ule. Akapiga magoti mchangani akakohoa mpaka nikadhani atatapika mapafu. Majirani waliingia na mchanga, moto ukazimwa, wageni wakapewa maji ya madafu.

Ripoti ilisema ni hitilafu ya umeme. Mzee Faki aliulizwa, akaandika jibu lake kwa kalamu kwa sababu sauti haikutoka. Aliandika neno moja, "shoti." Nami nilinyamaza. Nilikuwa na ulimi mzima na koo zima, na nilinyamaza.

Sauti yake tuliisubiri. Alipewa asali, tangawizi, dawa za hospitali na za wasiokuwa hospitali. Baada ya wiki kadhaa ilirudi, lakini ilirudi kama ya mtu anayezungumza kwenye chumba cha pili na mlango umefungwa. Daktari alieleza kwamba plastiki ile ina klorini ndani yake, na ikiungua hutoa hewa ambayo ikikutana na unyevu wa koo hugeuka tindikali. Imeunguza pale sauti inapotengenezwa. Ijumaa iliyofuata adhuhuri niliketi kwenye dirisha langu la zamani. Adhana ikaja, nzuri tu, ya mtu mwengine. Nikaufunika uso kwa ushungi nikalia, na msimamizi akafunga mlango taratibu akaniacha.

Siku aliyorudi kazini alinijia na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na chetezo changu, kina ufa upande mmoja.

"Chako," alinong'ona.

Nikaanza kulia tena. Akanyanyua kiganja.

"Nyamaza. Waya ule uliusoma?"

"Kusoma nini, Mzee Faki?"

"Ganda lake. Lina maandishi. Kila waya una maandishi. Weye ulisoma?"

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeyaona yale maandishi kama mtu anavyoona mapambo kwenye kikombe.

"Kausome," alisema. "Kisha uje unambie miye ulikuwa waya gani."

Hayo ndiyo yote tuliyozungumza juu ya siku ile kwa miaka mingi. Nilikwenda kusoma. Nilisoma ganda la waya uliobaki, nikasoma na la lile bunda gumu ambalo Bwana Jayanti bado alikuwa nalo, limejaa vumbi. Nikaandika barua kwa watu niliosoma nao, nikaomba vitabu, nikaelewa kidogo kidogo. Bunda gumu lilikuwa na herufi nne, L, S, Z na H. Maana yake ni kwamba ganda limetengenezwa kwa kitu kisicho na klorini wala ndugu zake, na likiungua hutoa moshi mdogo mwepesi. Msijidanganye kwamba haliungui. Linaungua. Ila mtu anaweza kuiona ngazi, na akifika nje koo lake bado ni lake.

Kabla sijaendelea, yaandikeni haya, kwa kuwa karatasi yangu imefunikwa na kalenda. Waya huo wa moshi mdogo ni wa ndani. Msiupeleke nje wala ardhini, maana ganda lake linakunywa unyevu, na kisiwa chetu unyevu hatuagizi. Msiuvute kwa nguvu kwenye kona kali, unapasuka na hausemi umepasukia wapi. Waya wa zamani mkishaubadilisha, uteremsheni wote, msiuache juu ya silingi kwa uvivu. Kila tundu mnalotoboa kati ya ghorofa na ghorofa lizibeni kwa ile dawa ya kuzuia moto, kwa sababu moshi hauhitaji ngazi ukiwa na tundu. Na shaba ikwangueni kwa kisu, mkiona weupe ndani mjue mmeuziwa aluminiamu iliyopakwa rangi.

Majaribio yangu mnayajua, mlikuwa mkicheka. Nilikuwa nikikata kipande cha ganda kiasi cha ncha ya kidole, nakitia kwenye makaa ndani ya chetezo changu kile kile chenye ufa, nje ya jengo, nimesimama upepo unakotoka. Moshi mweusi mzito, bunda linarudi dukani. Moshi mweupe mwembamba na majivu meupe, tunaendelea. Kisha natumia tochi ya gesi. Napasha waya mtupu wa shaba mpaka uwe mwekundu, naugusisha kwenye ganda, naurudisha kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani, klorini imo. Chetezo si maabara, karatasi ya vipimo vya kiwanda mnapaswa kuidai hata hivyo, lakini karatasi inaandikwa na mtu na moshi hauandikwi na mtu.

Yote hayo yalikuja kupimwa kwenye wodi ya wazazi.

Jengo jipya la ghorofa moja lilikuwa likijengwa kwa ajili ya akina mama wanaojifungua, likiungana na wodi kuukuu iliyokuwa bado inatumika. Ngazi ilikuwa moja. Waya zilikuwa zipite kwenye wodi kuukuu, juu ya vitanda vya wazazi, kisha zipande ghorofani. Mkubwa wa kazi alikuwa Injinia Talib kutoka Unguja, kijana mwenye heshima, anayevaa kofia ya kazi hata akiwa ofisini. Mabunda yalishushwa bandarini Wesha, yakaletwa, na kwenye kila ganda zilikuwapo herufi nne safi kabisa. Siku ya ufunguzi ilikwishapangwa na turubai la wageni lilikwishakodiwa.

Nilikata kipande, nikatoka uani, nikatia makaa. Moshi ulitoka mweusi, na mara ile ile nilijua harufu yake. Nikakaa kwanza kwenye tofali, kisha nikachukua tochi na waya wa shaba. Nilipoiwasha, mwali uligeuka kijani cha jani la mgomba.

Nikamwita Injinia. Akaja, akatazama, akachukua miwani yake akasoma ganda.

"Bi Mize, maandishi yapo."

"Nimeyaona, mwanangu. Ndiyo yanayotoa moshi huo."

"Pengine makaa yako yana kitu. Pengine hicho chetezo."

"Kalete makaa yako."

Akaleta, maskini, kutoka jikoni kwa wapishi wa hospitali. Moshi ukawa ule ule. Akavua kofia, akajikuna.

"Mama, jengo hili lina zege, lina tiles. Kipi kitakachowaka? Huu ni mtandao, si umeme wa kupikia. Hauna joto."

Nikamwambia moto hautatoka ndani ya waya, utaletwa. Nikamuuliza kama anajua mzazi wa Pemba akishajifungua huletewa nini na jamaa zake. Akasema uji. Nikamwambia uji, na mafuta, na kanga, na chini ya kanga ndani ya kikapu chetezo chenye makaa, ili mama na mtoto wafukizwe. Hospitali inakataza, nesi anakagua, na chetezo kinapita. Kitawekwa kwenye kona nyuma ya kitanda ambako nesi hakioni. Nikamwonesha kwenye ramani yake ni kipi kingine kilichopo kwenye kona nyuma ya kila kitanda. Ilikuwa trankingi inayoteremka kwenye soketi.

"Tutabandika tangazo," alisema.

"Bandikeni. Na mimi sivuti waya huu."

Hapo akakasirika, na simlaumu, kwa sababu turubai lilikuwa shingoni kwake. "Basi ntaleta fundi mwengine."

"Mlete," nilisema. "Ila awe mwanamke."

Akageuka kutazama wodi. Wodi kuukuu ilikuwa imejaa wazazi, na hakuna mume Chake Chake wala Mtambile wala Wesha atakayekubali fundi wa kiume atambae juu ya silingi ambayo mkewe amelala chini yake. Kisiwa kizima mwanamke mwenye plaizi nilikuwa mimi. Miaka yote ile nilikuwa nikilalamika kwamba hakuna mwenzangu. Siku hiyo nilishukuru.

Nilikwenda na Injinia dukani kwa Bwana Jayanti, kwa sababu ndiye aliyeagiza. Alikwishazeeka, anatembea kwa fimbo. Nilikichoma kipande mbele ya duka lake, na yeye akakitazama mpaka kikaisha.

"Miye nauza maandishi, Bi Mize," alisema mwisho. "Ndani sijui. Lakini nilimjua Faki alipokuwa na sauti." Akamgeukia Injinia. "Rudisha zote. Ntaagiza pengine, na safari hino kabla ya kununua tutaomba kipande cha kuchoma."

Ufunguzi ukaahirishwa. Nilisemwa sana. Palikuwa na watu walioniita bibi wa ubani. Waya wa kweli ulipofika, pamoja na trankingi yake isiyo na klorini, ulikuwa mgumu, umefifia, unaumiza mikono, na nilipouchoma ulitoa kijimoshi cheupe kinachofanana na cha sufuria inayoanza kuchemka. Niliuvuta mwenyewe, siku baada ya siku, nikitambaa juu ya silingi na chini yangu watoto wachanga wanalia na mama zao wananiuliza kama nimekula. Wakinipandishia chai kwa kamba. Katika miaka yote ya kazi hakuna wiki nilizozipenda kama zile. Kuhusu soketi za kwenye kona nilishindwa, ramani haikubadilishwa. Hata hivyo tangazo lilibandikwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mwanangu Raya, yule wa miaka minne, alijifungua mtoto wa kiume kwenye wodi ile, ghorofani, asubuhi. Mumewe alikuwa Tanga kikazi. Nilimpigia Mzee Faki, nikamwomba aje amuadhinie mtoto sikioni, kama ilivyo desturi. Alikataa kwanza.

"Sauti sina, Bi Mize. Ntafute ntu mwengine."

Nilimwambia sitafuti mtu mwengine. Mwisho akasema atakuja.

Nikawa nimemteremkia chini kumpokea. Niliporudisha macho ngazini, niliona akina mama wanashuka, mmoja mmoja, wamebeba watoto, na manesi pembeni wakiwashika mikono. Nikauliza kuna nini. Nesi akasema kuna chetezo kimeunguza trankingi nyuma ya kitanda, wameshamwagia maji, lakini wanawatoa watu kwa usalama. Nikauliza kitanda gani. Akaona haya kunijibu. Hakuwa na haja, kwani nyuma yake alikuwa anashuka wifi yangu, Bi Chumu wa Vitongoji, kikapu mkononi, kanga imeloa, uso umemwiva. Mwanamke huyo amenisikia nikiisema hadithi ya chetezo na trankingi kila sikukuu kwa miaka. Alimpenda mtoto tu, akataka anukie.

Raya alishuka wa mwisho kwa kuwa alikuwa na mshono. Alishuka pole pole, anaziona ngazi zote, mtoto kifuani amelala. Hakuna aliyekohoa.

Mzee Faki alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ujia, anatazama dirisha la juu. Alilitazama muda mrefu.

"Moshi wake u wapi?" aliniuliza.

Nikamwonesha. Kulikuwa na ufito mweupe mmoja, mwembamba, unatoka dirishani na kupotea kabla haujafika kwenye paa.

"Ndo huo?"

"Ndo huo, Mzee Faki."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema ni mimi niliyeweka chetezo, ni mimi niliyechagua waya, na ni mimi niliyenyamaza, nikamuomba radhi. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri foleni iishe.

"Nlikitoa kwa nkono wangu," alinong'ona. "Kilikuwa cha moto. Unadhani nlisahau cha nani? Nlishakusamehe kabla sijafika mlangoni. Lete ntoto."

Raya akamkabidhi. Mzee Faki akamgeuza kuelekea kibla, akamtazama usoni, na nikaona midomo inacheka.

"Huyu hataki kipaza sauti," alisema.

Akainamisha kichwa kwenye sikio la kulia. Sikuwa nimeisikia adhana ya Mzee Faki tangu siku ya kabati, na ukisimama hatua mbili tu husikii kitu. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka ushungi wangu ukagusa bega lake, nikaisikiliza yote mpaka mwisho.